Dakika Saba za Bi Kamili

Siku Mshauri alipotangaza kwamba kituo kinabadilisha kila kitu, kuanzia rangi hadi viti, wafanyakazi wote wa kituo kile cha habari cha kebo walihofia vibarua vyao. Mchoraji alihofia saa.

Si saa ya ukutani, wala ya mkononi. Ni ile ndogo iliyokaa chini kulia kwenye kioo cha runinga, nyeupe juu ya bluu, ambayo watu waliitumia kuamkia, kunywea dawa na kuwahia kazini. Wenzake walimwita Mchoraji ingawa hakuna aliyewahi kumwona na penseli. Kazi yake ilikuwa maandishi na michoro yote inayopita juu ya picha: majina ya wageni, ramani za mvua, utepe wa habari unaotambaa chini, na hiyo saa. Kila alfajiri aliisawazisha mwenyewe kwa mkono, kwenye kompyuta kongwe iliyonguruma kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati. Na hapo ndipo penye kisa, kwa sababu saa ile ilikuwa nyuma dakika saba, yeye akijua, tena aliirudisha nyuma kwa vidole vyake.

Tulia kwanza, usimhukumu. Muda wa kumhukumu utafika.

Miaka tisa nyuma saa ile ilikuwa sahihi. Habari za asubuhi zilisomwa na shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake, mwanamke aliyenyooka mgongo na maneno. Kila siku alifungua taarifa kwa sentensi moja: "Ni saa moja kamili." Mji mzima ukambandika jina la Bi Kamili, naye akalivaa jina hilo kama nguo ya sikukuu. Mwaka huohuo mama yake Mchoraji akapata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala, na kumbukumbu ikawa inakuja na kuondoka inavyotaka yenyewe. Sasa mama akae kwa nani? Mchoraji alikuwa na chumba kimoja cha kupanga upande wa pili wa mji, na sababu nyingi. Bi Kamili alikuwa na nyumba, na hakuwa na sababu hata moja.

"Ni mama wa mume wangu," alisema. "Atakaa hapa. Wewe njoo asubuhi unisaidie kumwinua, mimi peke yangu simwezi."

"Kila asubuhi, shemeji. Hilo hata usiniombe."

Alikwenda siku tatu. Siku ya nne mvua ilinyesha. Ya tano alikuwa na mafua. Baada ya hapo, ahadi za watu mnazijua.

Basi asubuhi moja Bi Kamili akafika studio amechelewa dakika mbili. Mkurugenzi wa enzi hizo hakuwa na simile: ukichelewa mara tatu, unapewa barua na mlango unauona. Kupitia dirisha la chumba cha matangazo, Mchoraji alimwona shemeji yake akikimbia korido nzima, viatu mkononi, maji ya kumwogesha mama bado yamelowesha mkono wa gauni. Roho ikamsuta, tena ikamsuta kwelikweli. Mtu mwingine angesema, "Shemeji, kesho nakuja mwenyewe." Yeye alirudisha saa nyuma dakika mbili. Ilikuwa rahisi zaidi, na wala haikumlazimu kuamka mapema.

Bi Kamili akaketi, akameza pumzi, akatazama saa kwenye kioo, na kwa mshangao wake mwenyewe akasema: "Ni saa moja kamili." Tangazo la biashara lilipoingia, aliirekebisha saa yake ya mkononi. Aliamini ndiyo iliyokuwa ikikimbia.

Lilikuwa jambo la siku moja tu. Lakini mwezi uliofuata akachelewa tena dakika mbili, na hizo ni kwa saa iliyokwisha kurudishwa. Mchoraji akarudisha mbili nyingine. Haukupita muda, akachelewa tena! Mchoraji akakuna kichwa, akarudisha tatu, kwa ukarimu. Hapo mambo yakatulia, maana Bi Kamili naye aliacha kunywa chai ya asubuhi.

Chumba kizima cha matangazo kilijua. Walikuwa na "saa ya nyumbani" na "saa ya nje", na mgeni wa kazi alifundishwa tofauti yake siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Nani angelalamika? Kila mtu alipata dakika saba za usingizi bila kuomba ruhusa. Watazamaji waliopiga simu walijibiwa kwamba mawimbi ya simu zao yana kasi kupita kiasi. Kituo shindani kilipoanza taarifa yake dakika saba mapema, watu walisema wale nao wana papara, wanapakua habari kabla haijaiva. Mji ukazoea.

Aliyekuwa hajui ni mmoja, naye ni yuleyule mwenye jina. Nani angemwambia? Ungeanzia wapi? Bi Kamili alikuwa akisimama mlangoni mwa studio, saa mkononi, akiwapokea wanaochelewa. "Wakati ni heshima," aliwaambia. Siku moja alimkemea fundi sauti mbele za watu kwa kuchelewa dakika tatu, na mkemeaji mwenyewe, kwa saa ya nje, alikuwa ameingia akiwa nyuma kwa saba. Fundi sauti akasema, "Samahani, bibie," akaenda kuchekea chooni.

Miaka ikaenda hivyo hadi wenye kituo walipokiuza, na wanunuzi wakamleta Mshauri.

Mshauri alikuwa na suruali fupi ya kisasa na maneno marefu, na katika kila maneno kumi, mawili yalikuwa "mwonekano mpya". Bluu ya zamani ikaondolewa, ikaletwa bluu nyingine ambayo ilihitaji vikao vitatu ili watu wakubali kwamba si ileile. Mjadala wa mchana ukahamishiwa jioni, wa jioni ukauawa, na maiti yake ikalazwa Jumamosi. Utepe mwekundu wa habari za hivi punde ukaamriwa ukae kwenye kioo mchana na usiku, habari iwepo isiwepo. Viti vikatolewa. Mtangazaji sasa angesimama juu ya alama ya mkanda iliyobandikwa sakafuni, kwa sababu, alisema Mshauri, habari inayosomwa kwa kukaa inaonekana imechoka.

"Na asubuhi," akaendelea, akibonyeza kidude chake, "kipindi kitaitwa *Kwa Wakati*."

Ukutani ikatokea picha ya Bi Kamili, mikono kifuani, na nyuma yake saa kubwa kuliko kichwa chake. Chini iliandikwa: YEYE HACHELEWI. Picha hiyo, alisema Mshauri, ingebandikwa kwenye mabango mji mzima.

Watu wakapiga makofi. Fundi sauti alikohoa mpaka akatoka nje.

"Saa itachukua wakati moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti," alisema Mshauri. "Haiguswi na mkono wa mtu. Na saa ndiyo itakayoanzisha taarifa. Ikifika saa moja kamili, kamera inajiwasha, taa zinajiwasha, tuko hewani. Hakuna wa kusubiriwa. Atakayekuwa amesimama juu ya alama ndiye mwenye kipindi, siku hiyo na siku zote. Hiyo ndiyo nidhamu ya wakati."

Bi Kamili akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nyuma yake kijana mmoja mtangazaji wa hali ya hewa, waliyemwita Tabasamu kwa sababu hata mafuriko aliyasoma akionyesha meno, naye akatikisa kichwa. Tabasamu alikuwa amekaa mkao wa kula tangu mwaka jana. Kila siku alfajiri alikuwepo, amekwisha kupakwa poda, ati anapenda hewa ya asubuhi.

Mchoraji alihesabu mara moja tu. Siku ya uzinduzi saa ingeruka dakika saba mbele, Bi Kamili angefika kwa saa yake ya siku zote, na angemkuta Tabasamu juu ya alama. Mshahara ule ndio uliomlisha mama, na kiburi kile ndicho kilichomweka shemeji yake wima. Vyote viwili vingeondoka kwa mpigo, mbele ya mji mzima, chini ya mabango yanayosema hachelewi. Nani aliyemfikisha hapo? Mchoraji hakuhitaji kumuuliza mtu. Zimwi lile alilifuga yeye.

Ungamo lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi mara tatu, na mara tatu akalimeza. Kisha, siku moja kabla ya uzinduzi, wakati Bi Kamili yuko kwenye mazoezi ya kusimama, alipata akili. Kila asubuhi Bi Kamili hakuweza kutoka nyumbani mpaka jirani aje kukaa na mama. Basi jirani aje mapema kidogo, mambo yaishe! Akaenda kumwona.

Jirani alikuwa mwanamke mnene wa makamo, anayecheka kwa bega. Alimkuta anaanua nguo.

"Karibu, mgeni," alisema, na neno "mgeni" alilitamka polepole. "Umepotea njia?"

"Jirani, nina ombi. Kesho uwahi kuja kwa mama. Dakika saba tu."

"Siwezi."

"Dakika saba, jirani!"

"Hata moja. Mimi natoka hapa wajukuu wakishachukuliwa na gari la shule. Gari likiondoka, na mimi huyo, nakwenda kwa mama yako. Siwezi kuwaacha watoto barabarani."

"Na gari linakuja saa ngapi?"

"Dereva anaangalia runinga, kama sisi wote. Saa yenu ikisema kumi na mbili na nusu, yuko hapa mlangoni. Hajakosea hata siku moja. Zamani kidogo alikuwa anakuja mapema mapema hivi, sijui alikuwa na haraka gani, baadaye akatulia."

Mchoraji akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliiona njia yote, kama mtu anayeonyeshwa shati lake lilikoraruka. Alirudisha saa; dereva akachelewa; watoto wakachelewa, jirani akachelewa, Bi Kamili akachelewa. Naye akarudisha tena. Kumbe miaka tisa yote alikuwa akimvuta shemeji yake nyuma kwa mkono mmoja na kumsukuma kwa mwingine, huku akijisifu kimoyomoyo kwamba ndiye anayemshikilia asianguke. Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Ila nikuulize," alisema jirani, shuka begani. "Huyu mama ni wangu?"

"Hapana."

"Ni wa dereva wa gari la shule?"

"Hapana, jirani."

"Ehee. Basi mtu wa kuwahi kesho unamjua. Usije kunitafutia huku kwenye kamba ya nguo."

Akarudi kazini, akamwendea Mshauri, akaomba asubuhi ya kesho asiwepo. Mashine mpya ilikwisha kupangwa, alisema, na fundi sauti anajua kubonyeza.

Mshauri alimtazama kana kwamba bango limesema. "Siku ya uzinduzi? Mtu wa michoro? Sikiliza, mzee wangu. Atakayekosekana kesho, mimi nitahesabu kwamba kituo kinaweza kuendelea bila yeye."

"Nimeelewa."

"Umeelewa, halafu?"

"Halafu sitakuwepo," alisema Mchoraji, na sauti ikamtoka nyembamba, kama ya mtu aliyebanwa mlangoni.

Jioni alimkuta Bi Kamili koridoni, akisugua visigino vilivyochoka kusimama. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema yote, saa na miaka. Alifungua mdomo, na uongo ukatangulia, kwa sababu uongo una viatu vyepesi.

"Shemeji, kesho wanapaka poda mpya. Inachukua muda. Wamesema uwahi robo saa. Mimi nitakuja kwa mama alfajiri, wewe uondoke zako."

Bi Kamili akaacha kusugua. Mchoraji alisubiri ulimi wake, ule uliomkata kila mtu aliyewahi kuchelewa pale. Haukuja.

"Utakuja?" aliuliza tu.

"Nitakuja."

"Anapenda chai isiwe ya moto sana," alisema Bi Kamili. "Vidonge uvisage kwanza. Na umsemeshe. Hata asipojibu, umsemeshe."

Alfajiri Mchoraji alikuwa mlangoni kabla taa za barabarani hazijazimwa. Bi Kamili alimwonyesha beseni, mashuka, kitambaa cha kufutia, mto wa kuwekwa chini ya mkono uliolala. Alimwonyesha haraka haraka, bila lawama, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kisha akavaa viatu, akaangalia saa yake ya mkononi, akacheka kidogo. "Leo nitawasubiri wao mlangoni," alisema, akatoka akitembea. Mchoraji alisimama dirishani akimwangalia mpaka alipokata kona. Miaka mingi hakuwa amemwona akienda kazini bila kukimbia.

Kumbe kumwinua mtu mzima si mchezo. Mama alikuwa mwepesi kwa macho na mzito kwa mikono. Mchoraji alimwagia maji kitanda, akavua shuka, akatandika kinyume, akavua tena. Alimsemesha kama alivyoagizwa, juu ya mvua, juu ya mkanda sakafuni, juu ya bluu mbili, na mama akamtazama kwa adabu, jinsi unavyomtazama mtu wa kampuni ya umeme. Mpaka anamkalisha kwenye kiti na mito yake, jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Aliwaza: hivi ndivyo kila siku, halafu anakwenda kusoma habari huku anatabasamu.

Akawasha runinga. Bluu ilikuwa ileile, na hata Mshauri angeapa haioni tofauti. Utepe mwekundu ulikuwa unatangaza kwa haraka kubwa kwamba taarifa inakaribia kuanza. Saa mpya ilijaa pembe nzima ya kioo, na namba zake zilikuwa zinakwenda bila kumuuliza mtu. Mchoraji alishika mkono wa kiti cha mama. Taa za studio zikawaka zenyewe, kamera ikateremka yenyewe, na pale juu ya alama, amenyooka, pumzi yake imetulia, alikuwa amesimama Bi Kamili.

"Ni saa moja kamili," alisema.

Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa lilikuwa neno la kweli, naye alilisema kama alivyolisema kila siku. Mchoraji akapiga kofi moja kubwa, peke yake, machozi yakimlengalenga. Tabasamu ameumbuka! Nje, gari la shule lilikuwa limekwisha kupita.

Simu ikatetema mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa fundi sauti: *Imeanza yenyewe, safi kabisa. Mshauri aliuliza uko wapi, halafu akasema basi, hakuna haja.* Mchoraji aliusoma mara mbili, akairudisha simu mfukoni. Kibarua ndiyo hicho kimekwenda, na hata mashine haikupepesa. Alishangaa kwamba hakushangaa. Akachukua kikombe, akapuliza chai, akaupeleka mdomoni mwa mama ule mchanganyiko wa vidonge vilivyosagwa.

Mama alimeza, akamgeukia. Macho yake yalikuwa yamepata mwanga ghafla, kama yalivyopata siku moja moja.

"Wewe ni daktari mpya?"

"Hapana, mama. Mimi ni mwanao."

"Mwanangu mkubwa alifariki," alisema mama, kwa utulivu wa mtu anayejua mambo yake.

"Mimi ni mdogo, mama. Yule mdogo."

Mama akacheka kwa upande wa uso uliokuwa mzima. "Usinidanganye, baba. Mwanangu mdogo namjua. Huja kila siku alfajiri. Ananiinua, ananisafisha, ananipa chai yangu, anaondoka mimi bado nina usingizi. Miaka yote hii hajakosa hata siku moja."

"Nani amekwambia, mama?"

"Mkwe wangu. Kila nikiamka namuuliza mwanangu yuko wapi, ananiambia, 'Ametoka sasa hivi, mama, hukumsikia? Amekuachia salamu.'" Alinyoosha mkono wake mzima, akamshika kiganja, akakipapasa kwa makini, akakiachia. "Hapana, si wewe. Mwanangu ana mikono mizoefu. Wewe unamwaga."

Chai ilikuwa kweli inamwagika, inateremka kidevuni mwa mama na kuingia kwenye ukosi wa gauni safi. Mchoraji akachukua kitambaa, akamfuta, na hakubisha tena kwamba yeye ni nani.